Ukitaka Kulaza Pikapu Kariakoo

Kwanza pima. Chukua futi ya fundi seremala, ile ya chuma inayojikunja yenyewe, shuka nayo mtaani alfajiri kabla wauza nguo hawajatandika, upime upana wa mtaa wako kutoka ukuta hadi ukuta. Kisha toa. Toa ngazi za duka la kushoto. Toa meza ya chaja na kava za simu. Toa pikipiki nne za bodaboda zilizoegeshwa mshazari. Toa marobota ya mitumba yaliyoshushwa usiku na hayajapata mtu wa kuyapandisha ghorofani. Toa mkokoteni uliolala hapo, na mwenyewe kalala juu yake kajifunika khanga. Kinachobaki ndicho mtaa wako.

Sasa pima gari. Hilux ya milango minne ina urefu wa mita 5.3 na upana unaozidi mita 1.8, na hapo vioo vya pembeni hujavihesabu. Ili izunguke mduara mzima inataka uwazi wa karibu mita 13. Mita 13 ndani ya Kariakoo huzipati mchana. Kwa hiyo kuanzia leo futa neno "kugeuza" kichwani mwako. Gari kubwa huku haligeuzwi. Linaingia kwa mtaa mmoja na kutokea mtaa mwingine, au linarudi kinyumenyume kwa njia ileile lililojia.

Nayasema haya kwa mapenzi. Nimeishi na Hilux yangu miaka tisa, ghorofa ya nne, mtaa wa pili nyuma ya Barabara ya Msimbazi, na sijawahi kutamani kuiuza. Lakini kila wiki kuna mtu ananisimamisha na kuniuliza, "Kaka, na mimi nataka pikapu, naweza kukaa nayo huku mjini?" Jibu langu ni ndiyo, unaweza, ila uwe tayari kufundishwa na mtaa. Haya ndiyo niliyofundishwa.

Kuchagua

Vijana wanaonionyesha picha za Ford F-150 kwenye simu zao nawaambia ukweli. Marekani magari ya ukoo huo, F-Series, yamekuwa pikapu zinazouzwa kuliko zote tangu 1977, na F-150 ya kabini kubwa ina urefu unaokaribia mita 5.9 na upana unaozidi mita 2 kabla ya vioo. Hata Wamarekani wenyewe wanalalamika kwamba haiingii kwenye banda la gari nyumbani. Na usukani wake uko kushoto, wakati sisi tunaendesha upande wa kushoto wa barabara. Maana yake, ukitaka kulipita Fuso lililosimama Mtaa wa Sikukuu, wewe uliyekaa upande wa ukuta huoni kinachokuja. Lazima aliyekaa kulia akuchungulilie. Umenunua gari la watu wawili.

Pikapu kubwa ya kwetu ni Hilux, Ranger, D-Max, na kaka yao mkubwa, Land Cruiser ambayo Dar inaitwa mkonga kwa sababu ya lile bomba la hewa lililopanda pembeni mwa kioo. Mkonga wenye injini ya 1HZ, silinda sita, lita 4.2, ya dizeli, ni gari la kuheshimiwa; fundi yeyote kuanzia Tunduma hadi Namanga analijua kama anavyoijua njia ya kwao. Lakini linageuka kwa uvivu kuliko hata Hilux, na springi zake ni za kubeba mawe: ukipita mtupu kwenye tuta, meno yanagongana. Kama hutoki kwenda porini, mwache mkonga aende zake porini.

Na kama shughuli yako yote ni kutoa katoni Mtaa wa Aggrey na kuzipeleka Tandika, basi sikiliza ushauri ambao muuza magari hatakupa: nunua Kirikuu, yaani Suzuki Carry. Ina urefu usiofika mita 3.4, injini ya sisi 660, na inapenya mahali ambapo Hilux inabaki kupumua. Inabeba kilo 350 kihalali, na dereva wake akifika anashusha kabla wewe hujapata pa kusimama. Pikapu kubwa ni ya mwenye safari mbili: mjini Jumatatu hadi Ijumaa, shamba Mkuranga au Kisarawe Jumamosi. Ukiwa na safari moja tu, hiyo nafasi ya ziada utakuwa unaitembeza bure.

Rangi nayo ni jambo la kufikiria sana. Unaishi katikati ya klabu mbili: Yanga, ya 1935, iko kwenye kona ya Twiga na Jangwani, Simba, ya 1936, iko Msimbazi. Siku timu mojawapo ikichukua ubingwa, pikapu yoyote iliyo barabarani inageuka jukwaa. Ukiwa na gari jekundu siku ya Yanga, au la kijani siku ya Simba, utaimbiwa mpaka nyumbani, na vijana kumi watapanda nyuma bila kuomba. Nunua la kijivu au la fedha. Nyeupe, japo ni rangi ya magari yote ya ofisi, ina Usimba ndani yake, na majirani zangu wa Yanga hawajawahi kuacha kunikumbusha.

Kuingia na kutoka

Usiwalaumu watu kwa ufinyu wa mitaa. Mitaa hii ilipimwa na Wajerumani kama vyumba vya karatasi ya hesabu, kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kwa ajili ya nyumba za Kiswahili: chini, ukumbi katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, ua nyuma, baraza mbele. Nyumba moja ilikuwa na watu wa kuzungumza nao barazani, haikuwa na gari hata moja. Leo kwenye kiwanja kilekile pamesimama ghorofa nane au kumi, chini maduka, katikati stoo, juu watu, na kila ghorofa inapokea mzigo kila siku kwa mlango mmoja unaotazama mtaa uleule wa zamani. Soko lenyewe, lile jengo la msanifu Beda Amuli lenye paa kama miavuli ya zege iliyopinduliwa, lilifunguliwa 1975 wakati mji ukiwa mdogo. Lilipoungua Julai 2021, wafanyabiashara wake walihamia pembeni, na tuliokaa jirani tuliona jinsi mji usivyo na sentimita ya akiba. Ukiwa ndani ya gari lako la mita 5 na honi yako mkononi, kumbuka kwamba wewe ndiye mgeni. Mtaa ulikuwapo.

Saa zako ni mbili: kabla ya saa moja asubuhi, na baada ya saa mbili usiku. Katikati ya hapo gari lilale. Mimi ilinichukua miezi minane kulikubali hili, na katika miezi hiyo nilipoteza saa nyingi za maisha yangu nikiangalia mgongo wa kenta lililobeba ndoo za plastiki. Na usiitamani njia ya mwendokasi. Basi la mita 18 linapita Msimbazi likiwa limenyooka, wewe wa mita 5 umekwama pembeni, na moyo unakuambia ujibanze nyuma yake kidogo tu. Usifanye. Tangu Mei 2016 njia ile ni ya watu mia na zaidi waliosimama wameshikilia bomba ndani ya basi moja. Wewe uko peke yako kwenye viti vitano.

Zima redio, teremsha kioo. Hili ni agizo, si ombi. Kariakoo inaendeshwa kwa sikio. Mwenye mkokoteni anayekuja nyuma yako na magunia kumi hana breki. Breki zake ni nyayo zake, na lami ikiwa na maganda ya matango hata hizo hazishiki. Anapiga mluzi au anaita, "Pisha! Mguu, mguu!" Ukimsikia, mpishe wewe. Gari lako linasimama kwa kukanyaga pedali, la kwake linasimama kwa magoti. Nimewaona watu wenye magari ya milioni nyingi wakimtukana kijana aliyechubua rangi kwa ubao, na nimewaona wale wale kesho yake wakihitaji mtu wa kuwapandishia friji ghorofa ya sita. Salimia. "Habari za kazi, kaka?" inafungua mtaa ambao honi haijawahi kuufungua. Kwa wazee wa bandani na akina mama wanaouza viungo, shikamoo yako itoke kabla ya injini kuzimwa.

Sasa kurudi nyuma, ambayo ndiyo elimu yenyewe. Ukiweka gia ya kurudi tu, wanatokea waongozaji wanne. Wa kwanza yuko nyuma kushoto: "Lete, lete, lete!" Wa pili nyuma kulia: "Kata yote! Kata yote bosi!" Wa tatu amesimama mbele yako, haoni kitu, lakini anapunga mikono kwa nguvu kuliko wote: "Nyoosha!" Wa nne anagonga bodi kwa kiganja, na kugonga mara moja kwake kuna maana ya twende na kugonga mara moja kwa mwenzake kuna maana ya simama. Ukiwasikiliza wote wanne utaingia kwenye meza ya mtu. Simamisha gari. Shuka. Mchague mmoja, yule aliyetulia, muulize jina lake, mwambie, "Nakusikiliza wewe tu." Wengine watanyamaza, kwa sababu wote walikuwa wanangoja mtu achaguliwe. Ukimaliza mpe chochote mkononi na umtaje kwa jina unapomshukuru. Wangu nilimchagua mwaka wangu wa kwanza, na mpaka leo akiisikia injini yangu ikikunja kona anatoka kwenye benchi lake bila kuitwa. Kamera ya nyuma ninayo. Kamera haijui kwamba mama wa samaki leo kasogeza karai lake.

Pa kulaza gari patafute kabla ya kununua gari, kama unavyotafuta nyumba kabla ya kuoa. Ua wa jengo, uwanja wa kulipia kwa mwezi, au upande wa Ilala kwa ndugu. Popote ambapo mlinzi unamjua na yeye anajua namba ya mlango wako. Ada ya maegesho ya barabarani ilipe siku hiyohiyo. Deni lake linafuata namba ya gari popote linapokwenda, na linakungoja siku unayotaka kuuza.

Mzigo

Pikapu ya namna hii inaitwa ya tani moja. Tani moja ni mifuko 20 ya saruji, ya kilo 50 kila mmoja, na ndani ya hiyo tani wamo dereva na abiria pia. Ihifadhi hesabu hii, kwa sababu hakuna mtu Kariakoo atakayekufanyia. Muuzaji atakuambia, "Hii inabeba tu, bosi, mbona mwenzako kaweka thelathini." Mwenzako huyo muulize springi zake ziko wapi. Na gunia la viazi au vitunguu usilihesabu kwa macho. Lumbesa imepigiwa kelele na serikali miaka nenda rudi, lakini bado utaikuta: gunia lililoshonewa kilemba cha nyavu juu, linaloitwa gunia moja na lina uzito wa gunia na nusu. Mkulima wa Njombe analipwa la moja, springi zako zinabeba la moja na nusu. Kila nikiiona lumbesa najua kuna watu wawili wameibiwa, aliyelima na atakayelibeba mgongoni kulishusha, na nakataa kuipakia. Wengine huniona mkorofi. Sawa.

Bodi ya dabokebini ina urefu wa mita 1.5 tu. Watu wengi wanagundua hili siku ya kununua godoro la sita kwa sita. Nondo ni mita 12. Zitakunjwa katikati dukani, na bado zitatoka nyuma kama mkia. Nunua kamba mbili nzuri za manila, turubai lisilotoboka, na mita moja ya kitambaa chekundu. Hicho chekundu ukifunge kwenye ncha ya kila kinachochomoza, na usikifungue mpaka umeshusha. Bodaboda anayekuja nyuma yako usiku hana nafasi ya pili. Mipira ya kufungia, ile inayokatwa kwenye tyubu za matairi, ni mizuri kuliko hizo za kununua zenye ndoano: ikikatika hairuki machoni mwa mtu.

Watu nyuma ya bodi: hapana. Najua msibani wanapanda, najua harusini wanapanda na ngoma juu, najua sote tulikua tukipanda na upepo ukitupiga usoni na tukafurahi. Mtoto aliyekaa ukingoni anamwagika kwenye shimo moja tu. Viti vyangu ni vitano na ikibidi kwenda mara tatu nitakwenda mara tatu. Mama mmoja wa jengo letu alininunia wiki nzima kwa sababu nilikataa kuwapakia wajukuu wake kwenda kuogelea Kigamboni. Wiki ya pili alinitumia sahani ya mseto.

Gari la mtaa

Hapa ndipo wengi wanaposhindwa, na wala si suala la barabara. Ukinunua gari dogo, umenunua gari lako. Ukinunua pikapu, umeununulia mtaa. Siku ya kwanza ulipoileta walikuja kukupongeza, wakaipiga bodi kofi mbili, wakasema hongera baba, na kila mmoja akaenda nyumbani akiwa ameshapanga. Shemeji anahama kutoka Magomeni kwenda Chanika. Jirani wa ghorofa ya pili ana simtanki la lita elfu moja amelinunua na halina usafiri. Mjomba ana mchanga. Baba mdogo ana mbuzi watatu wa Idi, wako Vingunguti, "hapo tu." Dada wa kanisani ana viti mia moja na maturubai ya kufunga ndoa. Kijana wa duka la chini anaomba lifti ya katoni nne, na ukifika ni katoni arobaini.

Wengine watakushauri uwe mkali: usikopeshe, sema gari bovu. Ushauri huo ni mbaya. Ukisema gari bovu Jumamosi, Jumapili huwezi kwenda shamba. Mimi natumia daftari. Limefungwa kwa uzi kwenye kishikio cha ndani, na anayetaka gari anaandika siku, mzigo, unakotoka na unakokwenda. Kuna masharti manne nimeyabandika ukutani kwenye ngazi, na mtaa wote unayajua: mafuta unajaza kabla ya safari, si baada, naendesha mimi au kijana wangu, si shemeji yako, mzigo unapakiwa na kushushwa na watu wako, na mzigo usiozidi tani. Daftari limenipunguzia maombi karibu nusu, kwa sababu mtu akilazimika kuandika "mchanga, Bunju hadi Kitunda" anaiona safari mwenyewe kwa macho yake.

Msiba hauandikwi. Ukigongewa mlango saa tisa usiku na mtu akasema tu, "Baba katutoka," unavaa na kuchukua funguo. Huulizi mafuta. Unakwenda kuchukua viti, masufuria, kuni, maji. Unakwenda hospitali ukiombwa. Unasafisha bodi kwanza, hata kama ni giza na hata kama ilibeba dagaa jana. Nimefanya hivi mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na hakuna safari ya mkonga au Hilux yoyote, porini au lami, ninayoiheshimu kama hizo. Mke wangu alinifundisha jambo moja la ziada: weka mkeka safi umekunjwa nyuma ya kiti, siku zote. Sababu yake utaijua siku hiyo.

Kuazimisha dereva pamoja na gari ni bora kuliko kuazimisha funguo, na deiwaka usiyemjua asiliguse. Niliwahi kumpa funguo rafiki wa karibu, akampa rafiki yake wa karibu, na gari likarudi na klachi inayonuka kama pasi iliyosahaulika juu ya shati. Urafiki ulibaki. Klachi haikubaki.

Mvua, mafuta na vioo

Mkonga haukugeuzi mashua, na Hilux haina hata mkonga. Bonde la Msimbazi pale Jangwani linapojaa, Barabara ya Morogoro inafungwa, na kila mwaka kuna mwenye gari refu anayetaka kuwaonyesha wenye magari mafupi namna ya kupita. Maji yanayotembea hayajali urefu wa gari. Yakifika chini ya mlango, tairi zinaanza kuelea. Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 katika mji huu. Ukikuta maji Jangwani, rudi. Kalale kwa ndugu upande uliopo, upige simu nyumbani.

Mafuta: EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatangaza bei kikomo Jumatano ya kwanza ya kila mwezi, na mwenye tangi la lita 80 anaijua Jumatano hiyo kama mwenye nyumba anavyojua tarehe ya kodi. Kwenye foleni ya mjini yangu inakula lita 13 kwa kilomita 100, barabara kuu inashuka. Dizeli inunue sheli moja unayoiamini, na chujio libadilishe mapema. Nozo moja ikifa, utatamani ungekuwa na punda.

Vioo vya pembeni vichonge namba ya gari siku uliyolitoa bandarini, kabla hujalipeleka nyumbani kulionyesha. Taa pia, na vioo vya milango. Kuna vijana wanaochonga kando ya barabara, kazi ya nusu saa. Mimi niliahirisha kwa wiki moja. Asubuhi ya siku ya tano nilikuta waya mbili zimening'inia upande wa kulia na kioo hakipo, nikazunguka Gerezani siku nzima, duka kwa duka, kutafuta kingine kinachofanana. Nilikipata saa kumi na moja jioni, nikachonga namba kabla sijakifunga.

Wanaobeba

Barabara ya Samora kuna ile sanamu ya askari wa shaba, ya 1927, bunduki mkononi. Maandishi ya chini yake yanawakumbuka pia wabeba mizigo wa vita, lakini juu ya jiwe mbebaji hayupo. Nairobi alichongwa pamoja na wenzake, hapa hakuchongwa. Alipewa mtaa. Waingereza walipouchukua mji mwaka 1916, uwanja wa soko ambalo Wajerumani walikuwa wameanza ukageuzwa kambi ya Carrier Corps, kikosi cha wabebaji, na midomo ya watu ikalifanya jina Kariakoo, kama ilivyolifanya Kariokor kule Nairobi. Wabebaji wa vita ile walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa, kuhara na malaria, wakiwa wamebeba risasi na unga wa watu wengine. Kabla yao walikuwako wapagazi wa misafara, na ndiyo maana tunasema mzigo mzito mpe Mnyamwezi, na ndiyo maana kuna Mtaa wa Nyamwezi hatua chache kutoka sokoni. Unapoegesha pikapu hapa, umeiegesha juu ya jina la watu waliofanya kazi yake kwa vichwa na mabega.

Kwa hiyo usitoke Kariakoo na bodi tupu. Kama unakwenda Buguruni na huna kitu, muulize mama wa ndizi kama ana mkungu unaokwenda huko. Muulize mzee wa kapu. Wenye mikokoteni waulize kwanza. Wao wanasukuma kutoka hapa hadi Ilala, hadi Keko, hadi Temeke, jua la saa saba, kwa hela ya siku hiyo.

Na siku utakayomkuta mmoja wao Barabara ya Uhuru amekaa kwenye ukingo wa mtaro, ekseli imekatika, mzigo umeshushwa chini na mwenyewe anaulinda kwa macho, simama. Washa taa zote nne. Mzigo upange mbele ya bodi, karibu na kabini. Mkokoteni utainuliwa na watu wanne, na watapatikana, piga tu mluzi. Ulaze kifudifudi, magurudumu juu, mishikio ikitazama nyuma. Utachomoza kama mita moja, na hapo ndipo kazi ya kile kitambaa chekundu. Funga kamba ya kwanza kwenye ekseli, ya pili ipite juu kwa mshazari, vuta mpaka mbao zilie kidogo. Mwenyewe atataka kupanda nyuma akae na mali yake. Mkatalie. Mfungulie mlango wa mbele, sogeza daftari, mwambie afunge mkanda, kisha muulize anakaa wapi na nani fundi wake wa ekseli, maana atakuwa anamjua mzuri kuliko wako.